Retina Inapobanduka Uzeeni: Hatua Zake na Wakati wa Kuwahi Hospitali

Mzee akisema haoni vizuri, jibu la kwanza katika maboma mengi ya Kisii na Nyamira huwa ni moja: "Huo ni mtoto wa jicho, tungoje kambi ya macho." Mara nyingi jibu hilo huwa la kweli. Mtoto wa jicho ndio ugonjwa unaoongoza kwa kuwapofusha watu nchini, na mwenye ugonjwa huo akingoja miezi michache, kwa kawaida upasuaji bado utamrudishia uwezo wa kuona. Toleo hili linahusu ugonjwa mwingine wa uzeeni, ambao hautoi nafasi hiyo. Ni uchakavu wa makula unaotokana na umri. Kwa miaka mingi hutembea polepole bila maumivu. Kisha, kwa baadhi ya wagonjwa, matabaka ya ndani ya jicho huanza kubanduka kwa muda wa wiki chache tu, na asiyefika hospitali katika wiki hizo anaweza kupoteza kitu ambacho hakuna miwani wala upasuaji utakaokirudisha.

Somo hili ni refu kidogo kuliko kawaida ya ukurasa huu. Ikiwezekana, lisome mzee wa nyumbani akiwa karibu, kwa sababu kuna zoezi la dakika mbili linalomhitaji yeye.

Ukuta na kandiko lake

Nyuma ya jicho, kwa ndani, kumetandazwa utando mwembamba uitwao retina. Ndio unaopokea mwanga na kuupeleka kwa ubongo kama picha, mithili ya filamu katika kamera za zamani. Katikati ya retina pana sehemu ndogo, yenye upana wa milimita 5 hivi, iitwayo makula. Sehemu hiyo ndiyo inayosoma ujumbe wa M-Pesa, inayotia uzi kwenye sindano, inayotenganisha noti ya shilingi 100 na ya 200, na inayomtambua mjukuu anayeingia mlangoni. Retina iliyobaki huona mambo ya pembeni: ng'ombe anayepita, pikipiki inayokuja, kivuli cha mti.

Chini ya retina kuna tabaka la seli zenye rangi, unene wake ni seli moja tu. Kazi yake ni kuilisha retina na kuzoa taka zake. Chini ya tabaka hilo kuna utando uitwao utando wa Bruch, na chini zaidi kuna wavu wa mishipa ya damu. Chakula hupanda kutoka kwa damu, taka hushuka. Jicho zima la mzee hutegemea mizigo hiyo ipite bila msongamano.

Aliyewahi kukandika nyumba ya udongo ataelewa yanayofuata upesi kuliko mwenye picha za vitabuni. Kandiko likiwa jipya limeshikamana na ukuta. Maji yakianza kupenya kwa nyuma, hakuna anayeyaona. Baadaye hutokea kivimbe, na ukikigonga kwa kidole unasikia uwazi ndani. Kivimbe kinaweza kukaa hivyo msimu mzima. Halafu siku moja kandiko linapasuka na kuanguka, na mwenye nyumba anasema limeanguka leo, ilhali maji yalikuwa kazini tangu mvua za mwaka jana.

Hatua ya kwanza: taka zinazokusanyika

Kwa wengi, kuanzia umri wa miaka 50 na kuendelea, usafi huo wa jicho hupungua kasi. Taka za mafuta na protini hukusanyika juu ya utando wa Bruch na kuwa vidoa vya manjano viitwavyo druseni. Vidogo sana, vya chini ya mikroni 63, huonekana kwa watu wengi wazee na havitishi. Vikifika mikroni 125 na zaidi, ambayo bado ni karibu thumuni ya milimita moja, daktari huanza kuvihesabu kwa makini.

Utafiti mkubwa wa Marekani ujulikanao kwa kifupi kama AREDS ulitoa mwaka wa 2005 njia rahisi ya kupima hatari. Katika kila jicho daktari hutafuta alama mbili: druseni kubwa, na kubadilika kwa lile tabaka la seli zenye rangi. Kila alama ni pointi moja, kwa hiyo macho mawili yanaweza kupata kuanzia 0 hadi 4. Mwenye 0, uwezekano wa kufika hatua mbaya katika miaka 5 ni nusu ya mtu mmoja kwa kila 100. Mwenye 1 ni watu 3 kwa kila 100, mwenye 2 ni 12, mwenye 3 ni 25, na mwenye 4 ni 50. Waliochunguzwa katika utafiti huo walikuwa Wazungu kwa sehemu kubwa, kwa hiyo takwimu hizo zichukuliwe kama dira na si kama mizani ya dukani. Hata hivyo zinaonyesha jambo moja waziwazi: si kila mwenye druseni atapofuka. Wengi watazeeka nazo, wafe nazo, bila kujua walikuwa nazo.

Hatua ya pili: kivimbe

Druseni zinapoungana, huliinua tabaka la seli zenye rangi kutoka kwenye utando wa Bruch. Hapa ndipo kubanduka kunapoanza. Kinachobanduka kwanza si retina yenyewe bali tabaka lililo chini yake, na retina hubebwa juu ya kivimbe kama mkeka uliotandikwa juu ya kiazi. Mgonjwa anaweza kuona karibu kama kawaida. Pengine anahitaji taa kali zaidi usiku, pengine akitoka juani na kuingia ndani ya nyumba anachelewa kuzoea giza. Akimwambia mtu, ataambiwa ni uzee.

Mwaka wa 2010 watafiti hao wa AREDS walichapisha matokeo ya kufuatilia macho yenye vivimbe vya aina hii. Katika miaka 5, macho 42 kwa kila 100 yalifika hatua mbaya. Yaligawanyika karibu sawa katika njia mbili, na ni muhimu kuzijua njia hizo kwa sababu moja ina tiba ya kudungwa na nyingine haikubaliani na sindano hiyo.

Njia ya kwanza ni kavu. Kivimbe hukua polepole, miaka kadhaa, kisha hubonyea. Ungedhani kubonyea ni kupona, na kweli ukitazama picha ya jicho utaona ukuta umenyooka tena. Lakini seli zilizokuwa juu ya kivimbe zimekufa kwa kukaa mbali na chakula chake, na pale palipovimba panabaki kidonda kikavu kisichoona. Uoni unaoshuka hapa hushuka taratibu, ila kubonyea kwenyewe kunaweza kuja kwa miezi michache.

Njia ya pili ni ya maji, nayo ndiyo ya haraka. Jicho lililokosa hewa na chakula hutoa kemikali inayoita mishipa mipya ya damu. Mishipa hiyo hupenya utando wa Bruch kutoka chini, lakini ni dhaifu, inavuja. Maji yanajaa chini ya tabaka la rangi na kulibandua, kisha yanapita na kujaa chini ya retina na kuibandua nayo. Mgonjwa sasa anaona jambo geni: mlango una tumbo, nguzo ya stima imepinda, mistari ya daftari inacheza. Si macho yanayomdanganya. Retina yake imeinuka kweli, na picha inayoangukia kilima huonekana imepinda.

Baada ya maji huja damu. Mshipa ukipasuka, doa jeusi au la kijivu hutokea katikati ya anachotazama, wakati mwingine kati ya kulala na kuamka. Tabaka la rangi lililonyooshwa kupita kiasi linaweza pia kuchanika, kama shuka iliyovutwa kutoka pande mbili. Hatimaye mwili hujaribu kujitibu kwa njia inayoumiza: unajenga kovu. Kovu likishaumbika chini ya makula, sindano haina tena cha kuokoa hapo katikati. Safari hiyo, kutoka maji ya kwanza hadi kovu, kwa wengine huchukua miezi, na hasara kubwa hutokea katika wiki za mwanzo.

Mama huyu angekuwa wa boma lako

Chukua mfano wa mama wa miaka 72 anayechuma chai. Mikono yake imezoea majani mawili na chipukizi kiasi kwamba macho hayahitajiki sana. Jicho la kushoto likianza kuharibika katikati, hajui, kwa sababu la kulia linaziba pengo. Anatembea hadi kituo cha kuuzia chai bila kujikwaa, kwani njia huonekana kwa pembeni. Anaona kuku anayenyemelea mahindi yaliyoanikwa. Lakini kanisani anampita dada yake bila kumsalimia, na watu wanasema amekuwa na maringo. Akipewa chenji anaigeuza noti mara tatu. Kijana wake anakasirika: "Mama, kuku wa kule mbali unamwona, noti iliyo mkononi huioni?"

Naam, ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Huacha pembeni na kula katikati. Mtoto wa jicho hufanya kinyume chake: huweka ukungu kila mahali, kama kutazama kupitia kioo cha gari lenye vumbi. Presha ya macho nayo huanza kula pembeni na kuacha katikati kwa muda mrefu. Tofauti hizi tatu hazitoshi kumfanya mtu daktari, na mzee mmoja anaweza kuwa na magonjwa mawili kwa pamoja, lakini zinatosha kumzuia kijana kumshuku mama yake.

Je, ugonjwa huu upo kwetu?

Kwa muda mrefu vitabu vya tiba vilidai kwamba uchakavu wa makula ni ugonjwa wa Wazungu na ni nadra kwa Waafrika. Kenya ndiyo iliyosaidia kusahihisha dai hilo. Mwaka wa 2007 na 2008, timu iliyomshirikisha daktari wa macho Wanjiku Mathenge iliwapima zaidi ya watu 4,000 wenye umri wa miaka 50 na zaidi katika eneo la Nakuru, ikapiga picha za retina zao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2013 yalionyesha kuwa watu 11 hivi kwa kila 100 walikuwa na dalili za mapema, na kidogo zaidi ya 1 kwa kila 100 alikuwa amefika hatua ya mwisho. Watu haohao walitafutwa tena mwaka wa 2013 na 2014, na kazi hiyo ya Nakuru ndiyo iliyozaa programu ya simu ya kupima macho iitwayo Peek, ambayo leo hutumika katika nchi nyingi.

Nakuru si Kisii. Hata hivyo hakuna sababu ya kudhani kwamba macho ya wazee wa Bobasi au Borabu yameumbwa tofauti na ya wazee wa Molo.

Kubanduka kwa aina nyingine: pazia

Hapa tuseme jambo linalochanganya hata waliosoma. Watu wakisema "retina imebanduka" mara nyingi wanamaanisha ugonjwa mwingine kabisa, ambao si wa makula na hauhitaji uzee. Retina huchanika pembeni, majimaji ya ndani ya jicho hupita kwenye tundu hilo, na retina nzima huanza kuachana na ukuta. Humpata zaidi mwenye miwani ya kuona mbali yenye nguvu nyingi, aliyegongwa jichoni, au aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Fundi wa mawe ya Tabaka aliyerukiwa na kipande, mchezaji aliyepigwa na mpira, mtoto aliyechapwa na fimbo usoni: wote wamo.

Dalili zake ni mwako wa taa jichoni hata gizani, kama radi ndogo. Vidoa vyeusi vingi vinavyoelea ghafla, kama masizi. Kisha kivuli kinachoanzia upande mmoja na kufunika kama pazia. Hakuna maumivu. Pazia likiwa bado halijafika katikati, kila saa ina thamani, na upasuaji ukifanywa upesi uoni wa katikati unaweza kuokolewa. Likishafika, bado inafaa kuwahi ndani ya siku chache. Hadi miaka ya 1920, ugonjwa huu ulimaanisha upofu, mpaka daktari wa Uswisi, Jules Gonin, alipothibitisha kwamba ukiziba lile tundu, retina inarudi ukutani. Upasuaji wa retina hapa Kenya hufanywa katika hospitali kubwa chache, zikiwemo Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na hospitali ya macho ya PCEA Kikuyu. Mwenye pazia asipitie kambi ya macho wala duka la miwani. Aende hospitali ya rufaa siku hiyohiyo na kusema maneno haya: "Naona pazia."

Tiba ya kubanduka kwa maji

Turudi kwa makula. Hadi mwaka wa 2006, madaktari walikuwa na mwale wa leza na mbinu nyingine chache, na wagonjwa wengi waliendelea kupoteza uoni. Mwaka huo yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa 716 waliodungwa ndani ya jicho, kila mwezi, dawa inayozuia ile kemikali inayoita mishipa mibovu. Baada ya mwaka mmoja, karibu wagonjwa 95 kwa kila 100 waliopata dawa walikuwa wamehifadhi uoni wao au kupoteza kidogo tu, ikilinganishwa na 62 kwa kila 100 waliodungwa sindano bandia. Kwa waliopewa dozi ya juu, mmoja kwa kila watatu alisoma mistari mitatu zaidi kwenye ubao wa herufi kuliko alivyosoma mwanzoni.

Dawa hiyo ilikuwa ghali mno. Kwa bahati njema kulikuwa na nyingine ya ukoo mmoja, bevasizumabu, iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani ya utumbo. Madaktari waliigawa katika dozi ndogondogo za jicho, na mwaka wa 2011 utafiti wa Marekani ulithibitisha kuwa inafanya kazi sawa na ile ya bei. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha yake ya dawa muhimu kwa matumizi ya macho mwaka wa 2013. Kwa mgonjwa wa kaunti, hii si habari ndogo.

Wazo la sindano jichoni huwafanya wengi wageuze njia. Ukweli ni kwamba jicho hutiwa dawa ya ganzi kwanza, sindano ni nyembamba sana, na kazi yote huisha kwa dakika chache. Kinachochosha ni kurudi. Mwanzoni ni kila mwezi, baadaye daktari huongeza nafasi kati ya sindano akiona pamekauka. Anayeacha baada ya sindano ya pili kwa sababu anaona vizuri huwa amekata dawa katikati, na maji hurudi. Hatari ipo pia: mara chache sana jicho hupata maambukizi, na kivimbe kikubwa kinaweza kuchanika. Jicho likiuma, likiwa jekundu na uoni ukishuka siku chache baada ya sindano, rudi mara moja bila kungoja tarehe ya kliniki.

Jambo ambalo tafiti zinalirudia ni hili: anayeanza matibabu akiwa bado anaona vizuri ndiye anayemaliza akiwa anaona vizuri. Katika uandishi wa habari tunafunzwa kuuliza nani, nini, wapi, lini na kwa nini. Kwenye kliniki ya makula, "lini" hubeba uzito kuliko mengine yote. Mistari ilianza kupinda lini?

Zoezi la daftari la hesabu

Daktari wa Uswisi aitwaye Marc Amsler alibuni karne iliyopita kipimo cha karatasi yenye miraba. Karatasi ya aina hiyo iko katika kila nyumba yenye mtoto wa shule: daftari la hesabu.

Chora kitone cheusi katikati ya ukurasa. Mzee avae miwani yake ya kusomea kama anayo, aketi penye mwanga, ashike ukurasa umbali wa sentimita 30 hivi. Afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, atazame kitone tu. Kisha aulizwe: unaona kitone? Mistari yote imenyooka? Kuna mahali mraba umepotea, umefifia au una doa? Halafu abadilishe jicho. Kufunika jicho moja ndiyo siri ya zoezi zima, kwa maana macho mawili yakiwa wazi, zima huficha bovu hadi siku nalo litakapoharibika. Na jicho la pili la mtu ambaye la kwanza limeshafika hatua mbaya liko katika hatari kubwa kuliko la mtu mwingine.

Asiyependa madaftari anaweza kutazama fremu ya mlango au ukingo wa mabati ya nyumba ya jirani, jicho moja baada ya jingine. Mara moja kwa wiki inatosha, na Jumapili kabla ya kanisa au Sabato kabla ya ibada ni rahisi kukumbuka. Mstari uliokuwa wima wiki jana ukipinda leo, safari ya hospitali ni wiki hii.

Kuhusu vidonge: utafiti wa AREDS wa mwaka wa 2001 ulionyesha kwamba mchanganyiko maalum wa vitamini na zinki ulipunguza kwa takriban robo hatari ya kuingia hatua mbaya, kwa wale waliokuwa na druseni kubwa tayari. Haukuwasaidia wenye dalili ndogo, na haubandiki retina iliyobanduka. Moja ya viungo vyake, betakarotini, huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavutaji sigara, ndiyo maana mwaka wa 2013 fomula mpya iliweka luteini na zeaksanthini badala yake. Kwa hiyo anayeuza chupa sokoni Daraja Mbili akiahidi kwamba "inatibu macho yote" anauza ahadi. Luteini hupatikana kwa wingi katika mboga za majani mabichi, sukuma wiki ikiwemo. Sahani ya mboga haitakausha maji ya makula, lakini haina madhara na bei yake inajulikana. Kuacha sigara kunasaidia zaidi ya chupa yoyote, kwani uvutaji ndio chanzo kikubwa cha hatari ambacho mtu ana uwezo wa kukiondoa mwenyewe.

Mzee anapoona watu wasiokuwepo

Sehemu hii tumeiandika kwa uangalifu, kwa sababu ya mahali tunapoishi.

Baadhi ya watu waliopoteza uoni wa katikati huanza kuona vitu visivyokuwepo: sura za watu, watoto wadogo wanaopita chumbani, maua ukutani, wanyama. Vitu hivyo havitoi sauti, na mwenye kuviona kwa kawaida anajua si vya kweli. Mwaka wa 1760 msomi wa Geneva, Charles Bonnet, aliandika habari za babu yake aliyekuwa akiona hivyo ilhali akili zake zilikuwa timamu, na hali hiyo inaitwa kwa jina lake hadi leo. Ubongo uliozoea kupokea picha, ukikosa picha, hujichorea zake. Si wazimu, si mapepo, na si uchawi.

Katika eneo letu, neno hilo la mwisho limeua. Oktoba 2021, akina mama wanne wazee waliuawa Marani kwa tuhuma za uchawi. Hatusemi macho yalihusika katika mkasa huo. Tunachosema ni kwamba mahali ambapo tuhuma inaweza kumtoa mzee roho, magokoro anayeona watoto wasiokuwepo atanyamaza, na akinyamaza, ugonjwa wa macho yake hautajulikana. Akikwambia, muulize ameviona kwa muda gani, kisha umpeleke kliniki ya macho. Usilipeleke neno hilo kisimani.

Pa kwenda

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au mwambie mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea boma lenu. Lakini ikiwa mistari imepinda, doa limetokea katikati ghafla, au kuna pazia, ruka hatua hizo uende moja kwa moja kliniki ya macho ya Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira. Huko utatiwa matone ya kupanua mboni ili retina ionekane, na inapohitajika utaandikiwa kipimo cha OCT, picha inayoonyesha matabaka ya retina na maji yaliyo katikati yake. Waliotumwa nje ya kaunti zetu mara nyingi huelekezwa Sabatia huko Vihiga, Tenwek huko Bomet, au Kikuyu. Kabla hujatoka kliniki, uliza maswali mawili: jicho langu ni kavu au lina maji? Na kama lina maji, sindano ni wapi na ni lini?

Wasiojisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, wanaweza kupiga *147# hata kwa kabambe. Ulizia katika dawati la SHA hospitalini ni huduma gani ya macho utakayolipiwa kabla ya siku ya sindano, ili nauli na fedha za kurudi kila mwezi zipangwe mapema na familia nzima. Mzee mmoja peke yake hawezi safari hizo.

Siku ya kliniki, njoo na mtu. Mboni iliyopanuliwa kwa matone hubaki hivyo kwa saa kadhaa, jua huchoma na maandishi hayasomeki, kwa hiyo usiendeshe pikipiki wala gari kurudi nyumbani. Beba miwani ya zamani na dawa za presha au kisukari unazotumia. Libebe na daftari la hesabu, na pale mstari ulipopinda, andika tarehe.